Mjukuu Aliyenyimwa Chakula

Tulipoachana wiki iliyopita, Mama Mwani alikuwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika kifuniko cha tangi kubwa la maabara, mguu mmoja umeanza kutetemeka. Wasomaji wengine wameniandikia kunilaumu kwa kumwacha juu kule juma zima, tena na viatu vya visigino. Haya, ashuke. Alichokiona ndani ya tangi kilikuwa maji.

Maji tu. Safi, meupe, ya kumkaribisha mgeni. Jana yake tangi hilohilo lilikuwa la kijani kama rangi ya kupakia milango.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nieleze harakaharaka, maana huyu mama hana muda. Mwani anaoulea yeye hauonekani kwa macho. Ni chembe za kijani, maelfu kwa maelfu katika tone moja la maji, na kila chembe inaweza kutengeneza mafuta ya kuendeshea injini. Taabu yake ni moja. Ukiulisha vizuri, unanenepa, unazaana, na mafuta huyaoni. Ukiunyima chakula, unaingiwa na hofu na kuanza kujiwekea akiba ya mafuta tumboni.

Mama Mwani aliingia kwenye vinasaba vya mwani huo, akakata hapa, akaunga pale, mpaka akapata mwani mwoga kuliko mwani wote duniani. Ukiuondolea chakula asubuhi, kufika mchana umeshajaa mafuta. Wenzake wanahangaika kutengeneza mimea jasiri ya kustahimili ukame. Yeye alitengeneza kiumbe kinachoiogopa njaa kabla haijabisha hodi.

Jina la Mama Mwani alipewa kazini. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye, na jina hilo lilimchoma kila alipoitwa, ingawa aliitika.

Sasa, alasiri ya siku hiyohiyo wajumbe wa Bodi walikuwa wanakuja kuuona mwani huo ukiwa hai na mafuta yake. Wasipouona, jengo lingepewa kitengo cha sabuni za kuoshea mbwa. Watu wa sabuni walikuwa wameshakuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Alichota tone la maji akaliweka chini ya hadubini. Akakuta wadudu. Wadudu wanene, wameshiba, wanajikokota kama wageni baada ya karamu. Walikuwa wameumaliza mwani wote. Mmoja alikuwa bado anatafuna, na Mama Mwani alimtazama mpaka akameza.

Ndipo Mkurugenzi akaingia akitabasamu. Akauliza kama ameona jinsi tangi lilivyojaa. Aliliongezea maji mwenyewe jana jioni, akasema, maana lilikuwa limepungua na haipendezi wageni wakute tangi nusu.

Mama Mwani akamwuliza maji hayo aliyatoa wapi.

Mkurugenzi akasema ya bomba yalikuwa yamekatika, kwa hiyo alichota kwenye bwawa la samaki pale mapokezi. Alichota kwa ndoo, peke yake, na suti mwilini. Alitaka hilo lijulikane.

Mtu mwingine angempiga kwa ngazi. Mama Mwani alishusha pumzi, akasema siri ambayo hakuwahi kuisema mbele ya mtu wa ofisi. Mwani ulikuwapo mwingine. Chupa moja, nyumbani kwa mama mkwe wake, dirishani.

Mkurugenzi aliketi juu ya ndoo. Kiumbe kilichochezewa vinasaba hakitoki nje ya maabara. Hilo analijua hata mlinzi wa getini. Mama Mwani aliutoa kwa sababu alikuwa anaogopa jambo kama hili hasa, ingawa hata katika ndoto zake mbaya hakuwahi kuwaza bwawa la mapokezi.

"Nenda kaulete," Mkurugenzi akasema mwishowe. "Mimi nitashughulikia utaratibu."

Akatoka mbio. Hakuuliza utaratibu gani. Angeuliza, hadithi ingekatikia hapa na mimi ningetafuta kazi nyingine.

Hebu tumtangulie kidogo, tufike kwa mama mkwe kabla yake.

Siku Mama Mwani alipoipeleka ile chupa, alikuwa amechoka hadi mifupani. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa na dirisha linalopata jua kutwa, na hilo tu ndilo alilolifuata. Mama mkwe akamkaribisha, akamkalisha, kisha akauliza kwa upole, kama alivyouliza kila mara tangu harusi, kama kuna habari yoyote. Mama Mwani akaishika chupa akamwekea mikononi.

"Huyu hapa mjukuu wako kwa sasa, mama. Mweke dirishani, wala asipewe kitu chochote."

Alikuwa anatania. Bahati mbaya, mama mkwe huyu hutania juu ya kila kitu isipokuwa wajukuu.

Basi Mama Mwani akafika nyumbani pale akihema, akatazama dirishani. Chupa haipo. Mama mkwe akatokea mlangoni, kidole mdomoni.

"Vua viatu, mwanangu. Ndiyo kwanza ametulia."

Chumbani, karibu na kitanda, juu ya kigoda kilichotandikwa kanga, palikuwa na beseni jipya la plastiki, la buluu, lile la kuogeshea watoto wachanga. Juu yake kumetundikwa chandarua kidogo. Na ndani ya beseni ulikuwamo mwani, mzito, wa kijani kibichi, umeshamiri kiasi kwamba ukisimamisha kijiti kinasimama.

Mama mkwe akamweleza kwa sauti ya chini. Mtoto alikuwa anabanwa kwenye chupa, akamhamishia mahali penye nafasi. Halafu akaanza kupauka, akawa wa manjano, akamtia hofu kwamba atamfia mikononi. Ndipo alipokwenda bandani kwa kuku, akaloweka mbolea, akaichuja kwa kitambaa, na kumpa kijiko kila asubuhi. Rangi ikarudi. Sasa hata kulia halii.

Mama Mwani alipiga magoti mbele ya beseni, na furaha ikampanda kifuani. Ulikuwa hai. Ulikuwa mwingi kuliko ule wa tangi.

Kisha akachovya kidole, akakisugua na mwenzake, na furaha ikamshuka. Hakukuwa na utelezi wowote. Mwani ulishiba, ulipendwa, ulilala chini ya chandarua. Ulikuwa mwani wa kwanza katika maisha yake ya kazi usioogopa kitu, na mwani usioogopa hautoi hata tone.

Akapiga hesabu ya jua kichwani. Kama chakula kingeondolewa sasa hivi, alasiri mafuta yangekuwapo. Akamgeukia mama mkwe.

"Mama, nataka ashinde na njaa kidogo. Mpaka alasiri tu."

Mama mkwe akalishusha tambara alilokuwa amelishika.

"Katika nyumba hii hajalala na njaa mtu wala paka," akasema polepole. "Unataka nianze na mjukuu wangu?"

"Si mjukuu, mama. Ni mwani."

"Ulipomleta ulisema ni nani?"

Mama mkwe hakuwa amemaliza.

"Ulimleta kwenye chupa, ukaondoka. Hata siku moja hukuja kumtazama. Mimi ndiye niliyekaa naye, nikamwimbia. Leo unakuja umekimbia, na neno lako la kwanza ni anyimwe chakula."

Maneno yakamwingia Mama Mwani. Aliona aibu, halafu hasira, halafu kicheko kikamjia kwa nguvu kiasi kwamba ilibidi ajiume shavu. Alikuwa anasutwa kwa kuwa mzazi mbaya wa beseni, na kilichomuuma ni kwamba alihisi ni kweli.

Mume akaitwa aje kuamua.

Mume huyu ni fundi wa mashine za kufulia, na karakana yake ilikuwa palepale uani kwa mama yake. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa ameishi salama kwa kukubaliana na mama asubuhi na mke jioni, na kuhakikisha hawakutani mchana. Siku hiyo walikutana mchana. Alitoka chini ya mashine ya mteja na mikono yenye grisi, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akajifuta kidole kimoja kimoja kununua muda.

"Mama," akasema, "hospitali wakitaka kukupima damu, si wanakuambia usile kwanza?"

Mama mkwe akakiri kwamba ndivyo.

"Basi mtoto anakwenda kupimwa."

Mama mkwe huyo anaiheshimu sana hospitali. Akalitazama beseni, akamtazama mwanawe, akakubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba atampeleka mwenyewe huko anakopimwa, na kwamba aachwe kwanza peke yake na mtoto amuage kidogo. Wakamwachia chumba. Mama Mwani alimpenda mumewe saa ile kuliko siku ya harusi.

Sasa likabaki suala la kuutenganisha mwani na maji ya mbolea. Maabarani kuna chombo maalumu kinachozungusha chupa kwa kasi mpaka chembe zote zinaketi chini. Hapa palikuwa na mashine ya kufulia ya mteja, tena imetoka kutengenezwa; wakaiburuta kutoka uani hadi ukumbini. Wakajaza chupa, wakazifunga barabara, wakazipanga ndani ya mashine na taulo katikati zisigongane.

Mama mkwe akatokea ukumbini, kikombe mkononi, akaona.

"Mnamtia mtoto kwenye mashine?"

"Nimeiweka ile kasi ya nguo laini, mama," mwanawe akajibu.

Mama mkwe akageuka akaenda jikoni ili asione. Mashine ikanguruma, ikatikisika, ikatembea hatua chache kama kawaida ya mashine hizo, ikanyamaza. Wakamwaga maji ya juu, wakabaki na tope la kijani chini ya kila chupa. Wakaliosha lile beseni, wakalitia maji safi yasiyo na lishe yoyote, wakalitia na lile tope, wakalisogeza juani dirishani. Mama mkwe akarudi, akashikilia kwamba chandarua kirudishwe kwa sababu ya nzi. Kikarudishwa.

Na haikuchukua muda. Ukijani ukaanza kufifia pembeni, maji yakaanza kupata mng'ao. Uoga ulikuwa unarudi. Mama Mwani akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu alipopanda ngazi ile mguu wake ukatulia.

Ndipo mtu akapiga hodi.

Alikuwa mzee mmoja nadhifu, koti limenyooka, masharubu meupe yamechanwa vizuri, mkono mmoja umeshika galoni. Mama Mwani alimtambua papo hapo. Ni Mkaguzi wa Usalama wa Viumbe, na galoni lile ni la klorini.

Mnakumbuka Mkurugenzi alisema atashughulikia utaratibu? Aliushughulikia. Alimpigia simu Mkaguzi kumwomba kibali cha kusafirisha mwani kutoka nyumba ya mama mkwe hadi maabara, akamwelekeza na njia, maana aliikumbuka tangu harusini.

Mkaguzi akasalimia, akajitambulisha, akasema kwa adabu kwamba amearifiwa kuna kiumbe cha maabara ndani ya nyumba hii. Sheria inataka kiteketezwe hapohapo kilipopatikana, na aliyekitoa asikanyage tena maabara yoyote maisha yake yote. Angependa kuonyeshwa kilipo.

Mama Mwani akamtazama mumewe. Mume akaanza kujifuta vidole ambavyo vilikuwa safi. Ikabidi mama mkwe ndiye ajibu, na alijibu bila kudanganya hata kidogo.

"Karibu, baba. Vua viatu tafadhali, na tuseme polepole. Mjukuu wangu amelala."

Mkaguzi akakitazama chandarua kwa mbali. Uso wake wote ukalegea. Kumbe naye ni babu. Akavua viatu, akavipanga sambamba, na tangu hapo hakusema neno isipokuwa kwa mnong'ono.

Msomaji wangu, sijawahi kuona wala kusikia upekuzi kama ule. Mkaguzi alitembea kwa ncha za vidole, galoni amelikumbatia lisije likafanya kelele. Alifungua kabati kwa pumzi iliyobanwa. Alichungulia chini ya kitanda, nyuma ya redio, ndani ya chombo cha maua. Kila mlango ulipolia alisimama, akageukia chandarua, akasubiri. Alipoona ukijani ndani ya mashine ya kufulia akainua nyusi, na mume akamnong'oneza kwamba hizo zilikuwa jezi za timu fulani, zinachuja rangi. Mkaguzi akanong'ona kwamba jezi za siku hizi hazina ubora.

Mama Mwani alimfuata nyuma akitokwa na jasho, macho kwenye dirisha. Jua lilikuwa kali. Maji yalikuwa yanazidi kung'aa.

Mzee akachoka. Akamnong'oneza mume kama anaweza kupata maji ya kunywa. Mume alifurahi kuondoka pale. Akaruka jikoni, akaona mezani kikombe cha bati kimejaa na kufunikwa kwa kisahani, akakiondoa kisahani, akakileta hivyohivyo huku akitazama chandarua wala si kikombe. Mkaguzi naye alikipokea akitazama chandarua. Akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, kiu ya mtu aliyetembea juani na galoni.

Akanong'ona kwamba maji yao ni mazito lakini yanashibisha.

Akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Mama mkwe akasema bado hawajajua. Akauliza kama anaumwa, maana amesikia harufu. Mnampaka mafuta mengi sana, akasema, ngozi ya mtoto haitaki mafuta mengi.

"Anajitengenezea mwenyewe," mama mkwe akanong'ona kwa fahari, kisha akaomba radhi, kuna kitu anakwenda kukitazama jikoni.

Mkaguzi alikuwa amemaliza kazi. Hakupata kitu. Aliinama kuchukua viatu vyake, akaviacha, akamsogelea Mama Mwani.

"Wangu wako mbali," akanong'ona. "Niruhusu nimchungulie tu. Sitamgusa."

Mama Mwani akasimama kati yake na chandarua. Hakuwa amepanga la kusema.

"Huyu ni wangu," akasema. "Mtoto ni wangu, na sitaki atazamwe na mtu."

Alikuwa hajawahi kutamka maneno hayo katika maisha yake. Yalimtoka kwa urahisi wa ajabu, na baada ya kuyatamka hakutaka kuyarudisha.

Mzee akatabasamu. Akina mama wa mtoto wa kwanza ndivyo walivyo wote, akanong'ona. Akanyoosha mkono wake mrefu juu ya bega la Mama Mwani, taratibu, akainua pembe ya chandarua.

Juu ya maji, beseni zima, palitanda utando mwembamba wa dhahabu. Mafuta. Kazi ya ujana wake wote ilikuwa pale inaelea, katika beseni la buluu, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba kwa pumzi moja Mama Mwani alisahau aliyekuwa amesimama karibu naye.

Mkaguzi alitazama kwa muda. Hakukasirika. Alionekana mtu aliyeumizwa.

"Nimenong'ona nyumba nzima," akasema kwa sauti yake ya kawaida.

Akafungua galoni. Mume akamshika mkewe mabegani, sijui kumzuia au kumfariji, nadhani hata yeye hajui. Klorini ikamiminika. Kijani kikawa kahawia, kahawia kikawa cheupe, na utando wa dhahabu ukakatika vipandevipande. Kisha mzee akatoa kisu mfukoni akalikatakata beseni lenyewe, nadhifu, kama mtu anayekata keki. Sheria inataka kiumbe kiteketezwe pamoja na chombo kilichokibeba, akaeleza, na yeye hajawahi kuruka kipengele.

Mama Mwani aliketi kitandani akalia. Alilia waziwazi, kwa sauti, pua ikimtoka. Hakulilia jengo wala Bodi. Hao wote wangekwenda kuosha mbwa asingejali. Alilia kwa sababu duniani kote hakukuwa tena na chembe hata moja ya mwani ule, na kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa amesema ni wake.

Mama mkwe akaingia kutoka jikoni akiwa na kisahani kitupu. Akaona vipande vya buluu sakafuni. Akaona maji meupe yanachuruzika kuelekea mlangoni. Lakini alichouliza kilikuwa kingine kabisa.

"Nani amechukua kikombe kilichokuwa mezani?"

"Cha maji?" mwanawe akasema. "Nimempa mzee hapa."

"Hayakuwa maji." Mama mkwe akakaa chini taratibu. "Nilimgawa. Nilipokuwa namuaga nilimchotea kidogo pembeni, nikamwekea na chakula chake. Nilishindwa kumfungisha mtoto mzima."

Kilio cha Mama Mwani kikakatika katikati. Akainua kichwa. Wote wakageuka kumtazama Mkaguzi, na hasa masharubu yake yale meupe, ambayo upande wa chini yalikuwa ya kijani kibichi.

Mzee akayagusa. Akatazama vidole. Akatazama vipande vya beseni alivyovikata kwa mkono wake, kisha galoni, ambalo lilikuwa na klorini iliyobaki ya kutosha, kisha tumbo lake. Mtu aliyefuata sheria maisha yake yote hahitaji kuelezwa chombo ni kipi. Kilichobaki cha mwani ule, chote, kilikuwa ndani yake, hai, katika giza, mahali ambapo hakuna hata kijiko cha mbolea.

Na mwani ule, mnajua ulivyo mwoga.

Akacheua kidogo, akaziba mdomo. Chumba kikanuka injini.

Nje gari likapiga honi. Sauti ya Mkurugenzi ikasikika ikiwaonya wajumbe wa Bodi waangalie ngazi ya mlangoni. Ameona ni utaratibu mzuri zaidi kuwaleta wageni wauone mwani hapahapa ulipo. Mama Mwani alikuwa ameshasimama, machozi bado mashavuni, akili ikienda mbio. Mkaguzi alikuwa ameshika mfuniko wa galoni, haijulikani kama anaufunga au anaufungua.

Mama mkwe akainuka. Akapita juu ya vipande vya beseni, akamfikia mzee, akamfungulia koti kifungo kimoja. Halafu akaweka kiganja tumboni mwake, polepole, akainamisha kichwa kama anayesikiliza.

Ni mkono ambao Mama Mwani ameungoja tangu siku ya harusi yake.

"Mwondoleeni hiyo klorini," mama mkwe akasema. "Na mumletee kiti."